Pale Ngoma Ilipobaki Peke Yake

Kabla sijampelekea mtu ukurasa mpya, huusoma kwa sauti nikiwa peke yangu, polepole, mikono imelala magotini. Mhariri wangu wa Maputo anadhani nilifundishwa chuoni. Sikufundishwa chuoni. Nilijifunza kwenye ua wa shangazi yangu, katika kijiji cha pwani kaskazini mwa Palma, nikiwa nimekaa mkekani na wanawake wa kundi la tufo. Mpaka leo sijui nitawashukuru vipi, ndiyo maana naandika haya.

Tufo ni ngoma ya wanawake wa kwetu. Wanapiga magoti kwa safu, nyuso zimepakwa msiro, unga mweupe wa mti uliosagwa, mabega yanacheza, na nyuma yao matari manne yanadunda. Huchezwa kwenye harusi na maulidi. Tangu mimi sijazaliwa, huchezwa pia anapokuja mkubwa wa serikali.

Kundi la shangazi lina utaratibu ambao sijauona kwingine. Kila mstari mpya lazima uzunguke mkeka. Mwenye kuutunga anauimba, halafu unahamia kuliani, mwanamke mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja anauimba peke yake bila tari. Wengine hutazama mikono yao. Ukipita kwa wote, unaingia kwenye wimbo. Ukimshinda hata mmoja, unatolewa, na mwenye kushindwa haulizwi sababu. Wao wanaita kupitisha.

Nakumbuka mstari mmoja wa harusi uliomsifu bwana harusi kwa ukarimu. Ulipita vizuri, watu wakitikisa vichwa, mpaka ukafika kwa jirani yake, wa ukuta kwa ukuta. Akafungua mdomo, akaufunga. Akaufungua tena.

"Mie sijui," akasema. "Mpeni mwingine aimbe, mie acha ninyamaze."

Ua mzima ukaangua kicheko. Mstari ukafa palepale, na bwana harusi akasifiwa kwa urefu wake, jambo ambalo hakuna aliyeweza kulipinga.

Kiongozi wa kundi tunamwita Rainya, yaani malkia kwa Kireno. Ana jino moja la dhahabu analolionyesha kwa makusudi, na sauti inayofika ufukweni bila spika. Amewaimbia wakubwa tangu akiwa mtoto wa shule. Siku moja, tukiwa tunachambua mchele, alinifundisha historia ya nchi yangu kwa kuniimbia tu. Huu, akasema, tuliuimba tukiwa tumepangwa barabarani na bendera za karatasi. Huu ulikuwa wa shamba la ushirika; tuliuimba tumbo tupu, tukisifu mavuno. Huu ni wa kampanya ya kura. Huu wa kampanya iliyofuata: lahani ileile, wamebadilisha jina la mtu.

"Wakubwa hawana lahani, mwanangu," akasema, akipeperusha makapi. "Wana gari na wana kapulana, hizi kanga za kugawa. Lahani wanakuja kuazima kwetu, na wakishaitumia wanairudisha imechoka."

Nilicheka, lakini jambo lile lilinikaa. Nilikuwa nimesoma vitabu vizito kuhusu serikali na nyimbo, na hakuna kilichosema kwa ufupi namna ile kwamba wimbo huchoka. Kuna lahani za kwetu ambazo haziwezi tena kumsindikiza bibi harusi, kwa sababu kila akizisikia mtu anaona lori la kampanya na vumbi lake.

Wale wa porini, waasi waliotuletea vita, nao walikuwa na nyimbo zao. Kabla hawajaja na bunduki, walikuja ndani ya simu za vijana: sauti tamu za wanaume, zisizo na ngoma, zikiahidi haki na pepo. Vijana walizisikiliza kando ya kuta, wamegawana vipokea sauti, kila mmoja sikio moja. Walipokuja wenyewe, wanawake waliyaficha matari. Shangazi yangu aliyafukia mawili kwenye shimo la takataka, akayafunika kwa maganda ya muhogo, ndipo akakimbia.

Sisi tulikimbilia kisiwa cha Rongui, halafu tukatawanyika, wengine, mimi mmojawapo, Pemba, mji mkuu wa mkoa wetu wala si kile kisiwa, wengine Nampula, wengine wakavuka Ruvuma mpaka Mtwara. Binamu yangu, mtoto wa pekee wa shangazi, hakuwa nasi. Wiki ile alikuwa amepanda kwenda Pundanhar, kule bara, na samaki wakavu wa kuuza, kwa ile barabara ya udongo inayokula magurudumu. Hakuonekana Pemba wala Nampula. Hakuonekana Mtwara. Hakuna aliyeleta habari ya kifo chake wala ya uzima wake.

Shangazi hajamsomea hitima. Watu wazima wamemshauri, kwa upole, amsomee mwanawe apumzike. Yeye hujibu vilevile kila mara: "Nileteeni habari kwanza. Siwezi kumzika mtu kwa kukisia."

Tuliporudi kijijini alifukua matari yake. Ngozi moja ilikuwa imeoza. Ya pili, baada ya kukaushwa juani na kupakwa mafuta, ililia. Nilikuwepo. Nilimwona shangazi akilipiga mara moja kwa kiganja, akasikiliza, akalipiga tena, halafu akaenda zake jikoni kama mtu aliyepata jibu. Nikakaa naye miezi mingi baada ya hapo, nikiandika riwaya asubuhi na kukaa mkekani alasiri.

Alasiri moja wanawake wakiwa wamekusanyika, pikipiki ilisimama nje ya ua. Aliyeshuka alikuwa mhamasishaji, kijana wa papa hapa kwetu aliyepewa kazi ya kuandaa mapokezi ya wageni wa serikali. Alikuwa na kofia ya kampanya na simu mbili.

"Shikamooni, mama zangu."

"Marahaba," akaitikia Rainya. "Vua kofia tukuone, tusije tukaitikia salamu ya mtu tusiyemjua."

Akavua, akacheka. Akaeleza kwamba mgeni mkubwa anakuja kutoka mkoani, na kamera zinakuja naye, na kundi letu ndilo lililochaguliwa kumpokea. Hapo Rainya alilionyesha jino lake.

"Na kapulana zipo," kijana akaongeza. "Mpya, bado hazijakunjuliwa. Zina picha ya mgeni mwenyewe."

"Picha iko wapi?" mmoja akauliza.

"Inakaa hapa nyuma, mama, ukishajifunga."

"Kwa hiyo tukichoka tunamkalia mheshimiwa usoni."

Kijana alijifanya kuangalia simu zake. Wanawake walicheka mpaka mmoja akalalia bega la mwenziwe. Lakini niliona macho ya Rainya. Kundi lile lilikuwa limepoteza sare zake zote kwenye vita, na kwenye harusi walikuwa wanacheza kila mtu na nguo yake, jambo ambalo kwake lilikuwa aibu kubwa kuliko njaa. Alizitaka zile kapulana.

Maneno ya wimbo yalikuja kwa sauti iliyorekodiwa kwenye simu. Mtu wa ofisini aliyasoma kwa Kireno, kwa kasi, kama anayesoma tangazo la mnada. Lahani mtatumia yenu, akasema mwishoni. Kijana akanigeukia.

"Dada, wewe ndiye mwandishi. Tutilie kwa Kiswahili, iingie kwenye lahani. Pronto, tumemaliza."

Nikakaa kizingitini na kalamu. Ilikuwa mistari mitatu tu, na kazi yenyewe ilinipendeza, kama inavyonipendeza kazi yoyote ya kupima maneno. Nikawasomea:

*Karibu mgeni wetu, nchi imetulia,*
*Bahari imenyamaza, nyumba zimefunguliwa,*
*Tumerudi sote, hakuna aliyebaki.*

Wakaanza kuipitisha. Wa kwanza ulizunguka bila tabu. Nani asiyejua kumwambia mgeni karibu? Wa pili ulipofika kwa mama mmoja ambaye nyumba yake ilichomwa, alisita kidogo. "Yangu haina hata mlango," akasema, "itakosaje kufunguliwa?" Akauimba. Ukapita.

Wa tatu uliingia kwenye lahani kama mguu kwenye ndara yake. Rainya aliuimba, jirani yake akauimba, ukaendelea kuzunguka mkeka, kila sauti ikiupa rangi yake. Ukafika kwa shangazi yangu.

"Tumerudi," akaimba. Akanyamaza.

Hakuna aliyeinua macho, ndio utaratibu. Nami nilitazama mikono yangu.

"Tumerudi," akaimba tena, chini zaidi. Nilisikia pumzi yake ikitafuta neno linalofuata na kulizunguka. Halafu akaweka viganja vyake juu ya mkeka.

"Huu umenishinda."

Ndipo nilipouona mstari wangu. Nilikuwa nimepima silabi, nimepima mapigo, na sikuwa nimepima kwamba kuna mwanamke mkekani ambaye, akitamka lile neno, atakuwa amemtoa mwanawe kwenye hesabu ya watu wanaosubiriwa. Angekuwa amemzika mbele ya kamera, kwa wimbo wa furaha, bila hata hitima.

"Mama, ni neno moja tu," akasema mhamasishaji.

"Neno gani?"

"Hilo, sote."

"Ndilo hilo hilo."

Mama mmoja akapendekeza tuseme tumerudi wengi, na mwisho wa mstari turudie hayohayo. Neno liliingia kwenye lahani vizuri tu. Kijana akatoka nje na simu zake, tukamsikia akisema Kireno chake cha heshima, ndiyo bwana, sawasawa bwana. Akarudi akijikuna shingo.

"Wengi haiwezekani. Wanasema wengi maana yake kuna wengine."

"Kwani hawapo?" akauliza shangazi.

Kijana akatazama chini. Kumbuka ni mtu wa hapahapa. "Namjua, mama," akasema polepole. "Tulikuwa timu moja ya mpira. Lakini huu wimbo umeshapita huko juu."

"Huko juu umepita," akasema Rainya. "Hapa haujapita."

Lakini hata yeye hakuwa ameridhika. Alisogea karibu na shangazi, akapunguza sauti, ingawa sauti yake haipungui kiasi hicho. "Dada yangu, nisikilize. Mie nimeimba mavuno ambayo sikuyala. Nimeimba barabara ambazo sijaziona. Unaimba kwa mdomo, moyo unauacha nyumbani. Siku ikipita umepita nayo. Wakikasirika hawa, si ngoma tu tutakayonyimwa."

Alikuwa anasema kweli. Kwetu, kundi likikataa kuimba linaulizwa linaimba upande gani, na swali hilo si la mchezo. Niliogopa, sikatai. Nilitamani shangazi aimbe tu yaishe.

"Wewe umeimba uongo wa serikali," shangazi akamjibu, bila ukali. "Huu ni wa mwanangu."

Rainya alirudi mahali pake mkekani. Kisha akageukia wapiga matari.

"Mstari umetoka," akasema. "Lakini lahani haiwezi kutembea kwa miguu miwili, itaanguka mbele za watu. Pale penye mguu wa tatu matari yashike peke yake. Midomo tufumbe, mabega yacheze. Haya, tuanze."

"Na mimi niwaambie nini wakubwa?" mhamasishaji akauliza, karibu alie.

"Waambie ndio mtindo wa sasa."

Wakaimba palepale. Karibu mgeni wetu. Bahari imenyamaza. Halafu midomo yote ikafumba, na matari yakaushika mguu wa tatu peke yake, na lile lililofukuliwa shimoni lilisikika chini ya mengine, zito, likikwaruza kidogo. Nimesikiliza muziki mwingi katika maisha yangu, wa kwenye sinema na wa kumbi za Maputo. Sijasikia kitu kilichojaa kama pale pasipokuwa na neno.

Siku ya mapokezi uwanja wa shule ulijaa. Walisimamisha turubai, wakapanga viti vya plastiki, spika zikawekwa juu ya lori, na wanajeshi wakasimama pembeni wakitazama miti zaidi kuliko watu. Wanawake walikuwa wameamka mapema kusaga msiro. Kapulana zilikuwa bado zina harufu ya duka, na Rainya aliwapanga kwenye safu kama anapanga sahani za sikukuu. Alitembea mbele yao akinyoosha mikunjo, na alipofika kwa shangazi alimfunga upya kilemba chake, akakishika kidogo, akaendelea.

Mgeni aliposhuka kwenye gari akakalishwa kitini, wakaanza. Mstari wa kwanza. Mstari wa pili. Mimi nilikuwa upande wa wasemaji, nimesimama jirani na mhamasishaji, na nilisikia anavyovuta pumzi. Midomo ikafumba. Matari yakashika.

Mgeni aliinuka akacheza.

Nadhani alisubiri mahali pa kuchezea, kwa sababu maneno ya kumsifu mtu humlazimisha akae atabasamu, na ngoma tupu inamwachia mwili wake. Alicheza vibaya na kwa moyo wote, na watu wakapiga vigelegele. Mpiga kamera hakuwa tayari. Akakimbia mbele akainua mkono, akaomba warudie. Wakarudia vilevile. Mistari miwili, na pale pa tatu midomo imefumba. Mhamasishaji aliyekuwa kando yangu alijifuta uso kwa kofia, akasema kwa sauti ndogo, "Nzuri. Nzuri kweli." Sikumuuliza alikuwa anasifu nini.

Siku chache baadaye video ililetwa kwenye simu yangu, ile iliyoonyeshwa kwenye televisheni. Wanawake walikuja uani, wakajazana nyuma ya mabega yangu. Walijicheka walivyopakwa msiro, wakamcheka mgeni alivyorusha viwiko. Halafu matari yalipobaki peke yake, sauti ya mtangazaji ikaingia juu yake, kwa Kireno, tamu na ya kuaminika.

"Anasemaje?" akauliza shangazi.

Nilitamani nisijue Kireno. "Anasema watu wote wamerudi makwao," nikamjibu. "Anasema hakuna aliyebaki."

Ua ukachafuka. Rainya alitukana kwa Kimakonde, lugha anayoitunza kwa kazi hiyo. Mwingine akasema tumefanya kazi ya bure, wamechukua mwanya wetu wakautia uongo wao, bora tungekataa kwenda. Nami niliona hivyohivyo. Niliona kwamba tumeshindwa, kwamba siku zote wenye spika wanapata neno la mwisho.

Shangazi alinyoosha mkono, nikampa simu. Akaniambia niicheze tena. Aliitazama akiwa ameisogeza karibu na macho, na pale mtangazaji alipoanza kusema aligusa kioo kwa kidole, juu ya uso wake mwenyewe, safu ya mbele, wa mwisho upande wa kushoto.

"Hapa mdomo wangu umefunguka?"

"Haujafunguka, shangazi."

"Kasema yeye."

"Kasema yeye."

"Basi itume."

Sikumwelewa. Nikamuuliza niitume wapi.

"Kila mahali. Kwa watu wetu wa Pemba, wa Nampula, wa Mtwara. Waambie waitume kwa wengine, na hao kwa wengine. Hawa wakubwa wamenipiga picha nzuri, ninaonekana mpaka chale za uso. Akiiona popote alipo, atajua mama yake yuko hai, yuko nyumbani, anacheza."

"Na huyu mtu anayesema?"

"Mwache aseme. Bila yeye ingefika wapi?" Akanirudishia simu. "Mwanangu anaujua utaratibu wetu. Kakulia kwenye mkeka huu. Akisikia ngoma peke yake atajua kuna mstari umetolewa, na akiniona nimefumba mdomo atajua umetolewa na nani."

Rainya alimsogelea akakaa naye, bega kwa bega. Shangazi akashika simu tena, nikambonyezea pa kurekodia, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayemwagiza mtu chumvi: huyu wa mwisho kushoto, mwenye kilemba cha kijani, ni mama wa kijana aliyekwenda Pundanhar na samaki. Yuko nyumbani kwake. Anayemjua amwambie.

Nikaituma, video na sauti yake pamoja. Wanawake wengine nao wakatoa simu zao.

Nimerudi Pemba sasa, naandika riwaya yangu kwa kuisoma kwa sauti, na ukurasa ukinishinda naung'oa bila kujiuliza sana. Binamu yangu hajajibu. Lakini juzi video ile iliingia kwenye simu yangu kutoka kwa mtu wa Nampula nisiyemjua, kwenye kundi la watu wanaouziana vyombo vya nyumbani, na sauti ya shangazi ilikuwa bado imefuatana nayo. Chini yake mtu mwingine, ambaye pia simjui, alikuwa ameandika: Mama, tunaipeleka Mueda na kwingine.

Nikampigia shangazi nikamsomea. Alikuwa jikoni, nilisikia kuni.

"Inatembea," akasema.

"Inatembea, shangazi."

"Haya. Na wewe usiiweke. Itume tena."